Lupango Iko kwa Jina la Nani?

Jumapili watu walisali, wakacheza, wakatoa sadaka, wakaagana vizuri. Jumatatu asubuhi wamama wa usafi walifika na mafagio yao wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo mpya na kufuli kubwa kama kiganja. Mchungaji mwanzilishi alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Watoto wake walikuwa ndani, wamekalia viti vya plastiki vilevile vya waumini, na mkubwa wao alishika karatasi: hati ya kiwanja, kwa jina la baba yao.

"Hii lupango iko ya papa," alisema kupitia mwanya wa lango.

"Na simenti?" akauliza mmoja wa wamama. "Simenti iko ya nani?"

Mama huyo ni mama yangu mdogo, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, na swali lake halikuwa mzaha. Ana kaye moja, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambamo tangu kanisa lile lilipoanza chini ya turubai aliandika kila alichotoa: mifuko mitatu ya simenti, bati mbili, sufuria ya bukari (ugali) kwa mafundi, siku nzima ya kubeba mchanga. Ameandika hata sadaka za Pasaka. Kaye haina mhuri. Hati ya yule kijana ilikuwa nao.

(Wasomaji wa Dar es Salaam wasishtuke. Najua kwenu lupango ni mahabusu. Kwetu Lubumbashi lupango ni kiwanja chenye uzio na nyumba ndani yake. Ingawa kwa habari hii ya makanisa, maana zote mbili zina kazi.)

Hapa mjini ubishi juu ya makanisa makubwa huwa ni uleule, kwenye taxi-bus, kwenye kilio, kwenye saluni: huyu ni nabii wa kweli au wa uongo? Swali hilo nimelisikiliza tangu utoto na sijaona likifika mwisho, maana kila upande una miujiza yake na mashahidi wake. Nimeliweka kando. Swali la mama mdogo ni dogo kuliko hilo, karani wa ofisi ya ardhi anaweza kulijibu kabla ya saa sita mchana, na linafungua mambo mengi zaidi kuhusu jinsi makanisa haya yanavyokua na kwa nini yanapasuka.

Watafiti wa dini wa Marekani huliweka kanisa la Kiprotestanti katika kundi la makanisa makubwa mno linapokusanya watu 2,000 au zaidi kwa wiki. Kanisa la mama mdogo huko Katuba, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, halikufika hapo. Lakini lilikuwa limeiga kila kitu kutoka kwa yaliyofika, kuanzia mpangilio wa viti hadi namna ya kuomba sadaka, na yale nayo yaliiga kwa wengine. Ukifuata uzi huo nyuma unafika mbali, hadi Seoul.

Kanisa la Yoido la Seoul kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Lilianza mwaka 1958, miaka mitano tu baada ya vita vya Korea kusimama, katika mtaa wa maskini, na watu waliohesabika kwa vidole. David Yonggi Cho, kijana aliyekuwa ameugua kifua kikuu, alihubiri pamoja na Choi Ja-shil, mwanamke aliyekuja kuwa mama mkwe wake. Katika miaka ya 1960 Cho alianguka kwa uchovu. Hakuweza tena kuombea wagonjwa wote, kuzika wote na kubatiza wote. Akaligawa kanisa katika vikundi vidogo vya nyumbani, na uongozi wa vikundi akawapa hasa wanawake, jambo ambalo Korea ya siku zile haikulizoea. Kikundi kikijaa kinazaa kingine. Kufikia miaka ya 1990 kanisa lilikuwa likitaja waumini zaidi ya 700,000.

Kwetu kikundi kama hicho kinaitwa selile. Kinakutana jioni katikati ya wiki, kwenye lupango ya mtu, juu ya mabenchi na madumu yaliyogeuzwa. Kiongozi ana orodha. Ukikosa mara mbili, mtu anabisha mlangoni: "Mama, tulikukosa." Ukifiwa, kabla jamaa zako wa Likasi hawajapanda gari, selile imeshaleta turubai, mfuko wa unga na wamama wa kupika. Wanaocheka umati wa Jumapili wanasahau siku ile ya katikati ya wiki, ambapo kanisa la maelfu linakuwa na watu kumi na wawili wanaojua jina la mtoto wako na ugonjwa wake.

Na Katanga haikungoja Seoul ije kuifundisha. Katika miaka ya 1950, upande wa Kolwezi, padre Mfransisko Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi walianzisha Jamaa: mume na mke, nyumba kwa nyumba, wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hawakujenga ukumbi wowote. Lilikuwa jambo la Wakatoliki, na baadaye maaskofu wenyewe waliligeukia na kuwatenga wengi wa wafuasi wake. Wazee waliopitia humo, ukiwasikia wakieleza walivyokuwa wakikaa pamoja, unaweza kudhani wanaeleza selile ya juzi.

Mji huu una kumbukumbu nyingine, ya uchungu. Simon Kimbangu, aliyeanza kuombea wagonjwa huko Nkamba mwaka 1921, alikamatwa mwaka huohuo na Wabelgiji, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kifungo hicho alikitumikia hapa, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, na hapa ndipo alipofia tarehe 12 Oktoba 1951. Tangu hapo, kila serikali inapomgusa mhubiri, kuna wanaokumbuka Kimbangu na kusema: hata yeye walimwita tapeli. Hoja hiyo ina uzito. Inatumiwa pia na watu wasiostahili kuisogelea.

Baada ya uhuru, Mobutu naye alitaka dini aweze kuzihesabu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: la Katoliki, la Kimbangu, na Kanisa la Kristo, ambalo lilikuwa mwavuli mmoja wa Waprotestanti wote. Wengine waliruhusiwa baadaye kidogo kidogo. Ndiyo maana hadi leo ukipita barabarani unaona vibao vya makanisa vyenye namba mbele ya jina: 5 CELPA, 8 CEPAC, 30 CPCO. Namba ile ni kiti cha jumuiya chini ya mwavuli. Aliyekuwa na kundi la maombi bila namba alitafuta jumuiya ya kumkinga, au alisali nyumbani kwake kwa sauti ya chini. Halafu tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Kufumba na kufumbua kila mwenye Biblia na spika alitoka hadharani. Makanisa ya uamsho, tunayoyaita kwa Kifaransa "réveil", yakaota kila avenue.

Lakini uhuru wa kusali peke yake hauelezi kwa nini Lubumbashi ilijaa hivyo. Hapa lazima niseme habari ya kampuni.

Union Minière, iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, haikuwa mwajiri tu. Ilikupa nyumba kambini, mgao wa unga, hospitali ya kuzalia, shule ya watoto, mpira wa Jumapili, na sanduku la kuzikiwa. Wafanyakazi walikuwa wakisema kazi njo baba, njo mama, na walimaanisha. Katika miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, uporaji wa mwaka 1991 ukafuata, kisha Wakasai wakafukuzwa Katanga, na uzalishaji ukaanguka hadi sehemu ndogo sana ya ule wa zamani. Mishahara ikakatika miezi kwa miezi. Kati ya 2003 na 2004, kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa jina la "kuondoka kwa hiari". Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Hadi anafariki sikuwahi kumsikia akilitamka neno hiari bila kucheka kwanza.

Sasa fikiria nyumba ile. Baba hana kazi, hospitali ya kampuni haimpokei tena, shule inadai karo. Nani anakuja kubisha mlangoni? Selile. Nani anachangisha wagonjwa? Kanisa. Nani ana mwanamuziki anayefundisha vijana piano, nani anamjua mkubwa wa kampuni mpya ya migodi anayetafuta dereva? Hapohapo kanisani. Mwenyekiti wa zamani wa chama cha wafanyakazi akawa mzee wa kanisa. Msimamizi wa zamu akawa mkuu wa protokole, amevaa glavu nyeupe, akipanga watu kwenye viti kwa ukali uleule wa mgodini. Kanisa lilikaa kwenye kiti cha kampuni, kikiwa bado na joto.

Kwa hiyo nikisikia mtu wa mjini kati akisema waumini hawa ni wajinga wanaotoa pesa kwa tapeli, huwa najizuia. Wanalipia vitu wanavyovijua: bima, mazishi, majina ya watu wa kuwapigia simu. Wengi wanavipata. Ila kampuni, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa na mhasibu, karatasi ya mshahara na chama cha kugomea. Kiti kilirithiwa. Karatasi hazikurithiwa.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Kuna fungu la kumi. Kuna sadaka ya kawaida, sadaka ya shukrani, mchango wa ujenzi, mchango wa jenereta kwa sababu umeme wa SNEL unajua kutoroka katikati ya mahubiri. Mwezi wa kwanza kuna malimbuko, ambapo wengine hutoa mshahara wote wa Januari. Na kuna mbegu. Fundisho la mbegu, kwamba ukitoa pesa kwa imani Mungu atakurudishia mavuno, lilienezwa zaidi ya wote na mhubiri wa Marekani Oral Roberts, likasafiri kwa vitabu vya bei nafuu, kanda na televisheni hadi kwetu. Watu wa hapa walilielewa haraka maana linafanana na likelemba: unatoa leo, kesho unapokea. Tofauti ni kwamba kwenye likelemba zamu yako inajulikana, na mwenye sanduku akila pesa mnamjua anakoishi.

Nikiwa kijana niliitwa mara moja kusaidia kuhesabu, katika kanisa jingine, kubwa kuliko la mama mdogo. Chumba cha nyuma, meza ya mbao, vikapo vitano vya plastiki. Franka zililowa jasho kiasi kwamba tulizitandaza kwanza kama samaki wa Kasenga. Tulifunga kwa raba mafungu ya noti mia, mzee mmoja akiandika kwenye daftari. Dola zilikuwa kwenye bahasha na hazikufika mezani kwetu. Kijana wa protokole alizikusanya zote, akazipeleka moja kwa moja ofisini kwa papa pasta. Jumapili iliyofuata mzee alisoma kwenye maikrofoni jumla ya sadaka: franka tu. Watu wakapiga makofi. Niliuliza, kwa adabu, juu ya bahasha. Niliambiwa zile ni za mtumishi, watu wameandika jina lake. Na ni kweli, waliandika. Sasa hata bahasha imepitwa na wakati: namba ya M-Pesa au Airtel Money inaonyeshwa kwenye skrini juu ya kwaya, na mtumaji akithibitisha anaona jina la mtu binafsi.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapo ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kidogo kuhusu marehemu mchungaji wa mama mdogo. Kanisa nchini Kongo linasajiliwa kama shirika lisilo la faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hiyo inataka katiba ya shirika na mkutano mkuu wa wanachama ambao ndio wenye neno la mwisho. Ili kanisa liwe mtu mbele ya sheria, liweze kumiliki na kushtaki, linahitaji saini ya waziri wa sheria, Kinshasa. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na faili haina miguu. Wakati faili inasubiri, kiwanja kimepatikana, muuzaji anataka pesa wiki hii. Ardhi yenyewe nchini ni ya serikali, raia anapewa haki ya kuitumia kwa hati, na hati lazima ibebe jina la mtu aliyepo kisheria. Aliyepo ni mchungaji. Anaandika jina lake. Siku ile pengine hana nia mbaya hata moja. Anasema tutabadilisha baadaye. Baadaye kuna ujenzi, halafu spika, halafu tawi la Kipushi, halafu presha inapanda usiku mmoja na hakuna aliyebadilisha kitu.

Kwa hiyo kinacholikuza kanisa haraka ni kilekile kinacholiua. Mtu mmoja anaamua: anapata kiwanja leo, anaajiri mpiga gitaa leo, anafungua redio leo, bila kamati ya miezi sita kama kule kwenye jumuiya zenye namba. Akiwa mzima na mnyofu, ni kasi. Akiteleza hakuna wa kumshika, na akifa hakuna cha kurithi ila yeye.

Usidhani ni ugonjwa wa Kiafrika. Hillsong ilianza mwaka 1983 katika ukumbi wa shule huko Baulkham Hills, nje kidogo ya Sydney, Australia, chini ya Brian na Bobbie Houston. Muziki ndio uliolibeba. Nyimbo zao zilienda mbele ya kanisa lenyewe, hata kanisa likaacha jina lake la kwanza na kuchukua jina lililokuwa kwenye albamu. Kwaya za Lubumbashi zinaimba nyimbo hizo kwa Kifaransa na Kiswahili, na mwimbaji wa Kamalondo hajui kwamba kila melodi ile ina mwenye haki nayo na mkataba wake. Kanisa lilifika karibu nchi 30.

Halafu mambo yakaanza kutoka. Tume ya kifalme ya Australia iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi ilisikiliza mwaka 2014 habari za Frank Houston, baba yake Brian, mchungaji aliyekuwa amemnajisi mtoto miaka mingi nyuma. Brian alipopata habari mwaka 1999 yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa taifa wa Assemblies of God, na yeye ndiye aliyeshughulikia kesi ya baba yake. Tume ilisema hapo palikuwa na mgongano wa masilahi na kwamba polisi hawakuarifiwa. Brian alishtakiwa kwa kuficha kosa, na Agosti 2023 mahakama ikamwachia huru. Wakati huo alikuwa ameshajiuzulu, Machi 2022, kwa sababu nyingine: malalamiko ya wanawake wawili juu ya mwenendo wake. Kabla yake, Novemba 2020, mchungaji wa New York, Carl Lentz, alikuwa amefukuzwa. Na Machi 2023 mbunge Andrew Wilkie aliweka mezani bungeni nyaraka akidai matumizi ya anasa kwa pesa za sadaka. Kanisa lilijibu kwamba madai mengi yametolewa nje ya muktadha wake.

Hata Seoul. Februari 2014 Yonggi Cho alitiwa hatiani kwa kulisababishia kanisa hasara ya karibu dola milioni 12, katika ununuzi wa hisa za mwanawe kwa bei ya juu kupita soko. Alipewa kifungo kilichoahirishwa. Waliompeleka kwenye sheria walikuwa wazee wa kanisa lake mwenyewe, na hilo ndilo linalonigusa katika kisa chake. Yoido ilikuwa na wazee wenye mahali pa kukaa na karatasi za kusoma. Jaribu kuwaza mzee wa Katuba akiomba kuona bei ya hisa.

Lagos ilitupa mfano mwingine, wa zege. Tarehe 12 Septemba 2014 jengo la wageni la kanisa la mhubiri T. B. Joshua lilianguka na kuua watu 116, wengi wao mahujaji kutoka Afrika Kusini. Kanisa lilizungumzia ndege iliyopita juu. Uchunguzi ulizungumzia nguzo dhaifu na jengo lisilo na kibali. Hapa kwetu televisheni yake ilikuwa ikitazamwa mchana kutwa, stika zake ziko bado kwenye vioo vya magari, na ukitaja zile nguzo mezani chakula kinaharibika.

Urithi ndio mtihani ambao hata makanisa ya zamani hayaukwepi. Kanisa la Kimbangu liliongozwa na watoto wa nabii hadi mwaka 2001. Wa mwisho alipofariki, wajukuu hawakukubaliana na kanisa likagawanyika pande mbili hadi leo. Hao wana hekalu, chuo kikuu na karne ya historia. Kanisa la mabati litafanya nini?

Kuna jambo siwezi kulipita haraka. Kila kanisa linalouza ulinzi lazima liwe na adui, na mara nyingi katika miji yetu adui amekuwa mtoto. Mara nyingi ni yatima, anayelelewa na mama wa kambo, anayekojoa kitandani au anayeongea usingizini. Baba anapoteza kazi, mtu anatafuta sababu, mhubiri anamnyooshea kidole: ana bulozi. Kisha mfungo, kutapishwa, kuwekwa ndani siku kadhaa, na mwisho barabarani. Kifungu cha 41 cha katiba ya mwaka 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imelifanya kuwa kosa la jinai. Wachungaji wengi wa uamsho wenyewe wanachukizwa na mambo hayo, tena wapo wanaowapokea watoto hao. Lakini ninapoona mtoto analala chini ya meza za soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, sijiulizi kwanza juu ya ufukara. Najiuliza nani alimtaja.

Siasa nitaisema kwa ufupi. Mwenye watu elfu kadhaa kila Jumapili hawezi kukosa wageni wenye magari meusi wakati wa uchaguzi. Mwaka 2021 madhehebu manane yalishindwa kukubaliana juu ya mkuu wa tume ya uchaguzi: Wakatoliki na Kanisa la Kristo upande mmoja, mengine sita, pamoja na ya uamsho, upande wa Denis Kadima, naye ndiye aliyepita. Na mji huu unakumbuka upande wa giza zaidi: tarehe 30 Desemba 2013, wakati wafuasi wa Joseph Mukungubila, aliyejiita nabii na aliyegombea urais mwaka 2006, walipovamia televisheni ya taifa na uwanja wa ndege Kinshasa, hapa Lubumbashi risasi zililia kwenye makao yake. Kwa hesabu ya serikali watu zaidi ya 100 walikufa siku ile katika miji mitatu.

Serikali ifanye nini, basi? Majirani wamejaribu njia zao. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, ilijitangaza taifa la Kikristo mwaka 1991 chini ya Frederick Chiluba; haikusaidia lolote kwenye vitabu vya hesabu. Rwanda ilianza mwaka 2018 kwa kufunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali kwa sababu za usafi, kelele na usalama wa majengo, kisha ikaweka sheria kwamba mchungaji awe na shahada ya theolojia. Mwaka 2024 ilifunga tena nyumba za sala kwa maelfu. Kenya, baada ya kufukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, bado inabishana na wachungaji wake juu ya sheria.

Mimi shahada ya theolojia siioni dawa. Wenye shahada wanajua kula vizuri zaidi, kwa Kigiriki. Pia sitaki afisa wa serikali, huyohuyo anayekuuliza "chai" ili akupe mhuri, awe ndiye wa kupima mafundisho. Nchi iliyomfunga Kimbangu miaka 30 ina sababu ya kuogopa hilo. Lakini sheria ya 2001 ipo tayari. Ikisomwa tu kama ilivyo, kwamba kanisa ni wanachama, kwamba wanachama wana mkutano, ingetosha kwa kuanzia. Na faili zingeweza kusainiwa Lubumbashi badala ya kusubiri ndege ya Kinshasa, kiwanja kikaandikwa jina la kanisa tangu siku ya kwanza. Hilo haliingilii roho ya mtu yeyote.

Kesi ya kufuli haikufika mahakamani. Wazee wa familia na wazee wa kanisa walikaa mara tatu chini ya mwembe. Watoto wa marehemu walibaki na lupango, kanisa likachukua viti, piano na jenereta. Spika moja ilipotea katikati ya makubaliano. Waumini waligawanyika, wengine wakabaki na mtoto wa mchungaji, ambaye mwezi uliofuata naye aligundua kuwa ameitwa kuhubiri.

Mama mdogo alienda na kundi la pili. Wanasali kwenye darasa la shule, Jumapili kuanzia saa mbili, madawati yakisukumwa ukutani. Mwezi wa tano mchungaji mpya, kijana mpole mwenye sauti nzuri, alitangaza kwamba kiwanja kimeonekana upande wa Annexe na kwamba kila nyumba ilete mbegu ya ujenzi. Makofi. Mama mdogo akanyanyua mkono, jambo ambalo halifanywi wakati wa matangazo.

"Papa pasta, hii lupango itaandikwa kwa jina la nani?"

Darasa likanyamaza. Kijana wa piano akaacha kupapasa vidole.

"Mama," akasema mchungaji akitabasamu, "dokima iko natembea." Yaani hati bado ziko njiani.

Mama mdogo akamshukuru, akakaa. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wake, ndani ya kaye. Nilimwona akiufunga mkoba na kuuweka chini, katikati ya miguu.